Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mpiga kamera je?

#1 Kobe wa Changuu
Wakuu, heshima kwenu.

Jana usiku nimeangalia filamu inaitwa *Makala*, ya Mfaransa Emmanuel Gras, imetoka 2017. Inamfuata kijana wa miaka 28, Kabwita Kasongo, anaishi kijijini nje ya Kolwezi kule Kongo na mkewe Lydie. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anajenga tanuru la udongo, anachoma mkaa, anafunga magunia kwenye baiskeli na kuisukuma kama kilomita 50 hadi mjini. Anatafuta hela ya mabati. Hakuna msimulizi, hakuna anayehojiwa, hakuna anayeiangalia kamera. Wanaongea Kiswahili cha kwao, ukitega sikio unakipata.

Kuna mahali pamenikaa kooni. Baiskeli iko kwenye mwinuko, mzigo umempita yeye mwenyewe kwa kimo. Anasukuma hatua chache, anasimama, anasukuma tena, na pumzi yake unaisikia kama mmelala chumba kimoja. Mwenye kamera yuko palepale anatembea naye. Baadaye gari linapita na mzigo unakwenda chini. Kamera inaendelea.

Sisi tumelelewa na neno moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakukaa siku mbili, maana mti hauwi mkaa kwa siku mbili. Jembe lake liko wapi?

Nauliza wanaojua hii fani. Mtu anayerekodi maisha ya familia ya wavujajasho anatakiwa aweke kamera chini asukume, au asukume wao yeye ashike kamera?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Karanga ninazo. Uzi bila picha lakini tutavumilia.

#3 Mzaramo Halisi
Kwa hiyo mkuu hii ni makala, inaitwa Makala, inahusu makaa? Wasimamizi wauhamishie jukwaa la lugha.

#4 Wa Kolwezi
Bandugu, jambo yenu. Miye njo wa Kolwezi, leo niko Lubumbashi. Makala njo ile munaita mkaa. Baiskeli tunaita kinga. Sasa nitaandika Kiswahili chenu ili munisikie vizuri.

Mleta mada, ile njia naijua. Kwenye milima mikubwa kuna watoto wanangoja, wanakusukuma nyuma, ukifika juu unawapa kitu kidogo. Kwa hiyo mzungu kutosukuma, mimi hainiumi sana. Kusukuma ni kazi ya mtu mwingine na ina bei yake.

Linaloniumiza ni pale njiani watu wanapomzuia wanataka hela ndipo apite. Najiuliza kila nikiiona: siku ile, na mzungu mwenye kamera amesimama pembeni, bei ilipanda au ilishuka? Kama ilipanda, basi kamera imemlipisha Kabwita. Kama ilishuka, basi tulichoona si njia yetu ya kila siku. Hapo hakuna atakayenijibu.

#5 Mzaramo Halisi
@Wa Kolwezi hapo umenifunga mdomo. Karibu sana jukwaani, na hiyo kinga naiba.

#6 Mama Pili wa Mbagala
Mimi sijui mambo ya filamu ila nimewahi kuwa ndani yake, kwa hiyo niacheni niseme.

Walikuja vijana wanne wanafunzi wa filamu, chuo sikitaji. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala. Wakasema mama, fanyeni shughuli zenu kama sisi hatupo. Hatupo vipi na mmoja amekaa kitandani kwangu na mwingine amesimama juu ya ndoo ya unga? Chumba chenyewe futi kumi kwa kumi.

Mama mkwe alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, kafagia uwanja mpaka upande wa jirani, kavaa kitenge alichovaa kwenye harusi ya shemeji. Mimi nikachinja jogoo. Wakatazamana. Yule dada mwenye daftari akanivuta pembeni: "Mama, si ulisema huwa mnakula dagaa?" Nikamwambia nilisema huwa, sikusema leo nina wageni.

Wakaomba kesho yake nipike dagaa. Nikapika. Kwenye filamu yao jogoo hayumo, na mama mkwe amevaa kanga ya jikoni waliyomchagulia wao. Majirani waliokula ule mchuzi mpaka leo wananiuliza, jogoo wetu mlimkata wapi?

#7 Siti ya Mbele
Jogoo mlimkata mara mbili 😂😂

#8 Mbishi wa Sinza
Hiyo sasa ndiyo dokumentari ya kitapeli. Ya kweli haimwambii mtu apike nini. Wazungu wa zamani walikuwa na nidhamu. Yule Flaherty alienda kwenye barafu huko Kanada mwaka 1922 akarekodi familia ya Nanook kama ilivyo, hakugusa kitu.

#9 Jicho la Pili
Mbishi, hapo umechapia vibaya. 1922 ni mwaka filamu yake, *Nanook of the North*, ilipotoka, sawa. Lakini Nanook si jina lake, aliitwa Allakariallak. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, maana ndani ya nzima kamera isingeingia wala mwanga usingetosha. Familia ikajifanya imelala humo na baridi inawapiga. Hata wale wake walipangwa. Yaani dagaa wa Mama Pili wana miaka zaidi ya mia.

#10 Mbishi wa Sinza
Sawa nimekubali hilo moja.

#11 Mtu wa Reading
Salaam kutoka Uingereza, ninakobeba maboksi, maboksi yenyewe ni wazee wa watu nawahudumia majumbani.

Nimeingia kwa sababu mji huu wa Reading ndiko hii kitu ilikoanzia kwa Waingereza. Mwaka 1974 BBC walirusha vipindi 12 vya nusu saa vinaitwa *The Family*. Paul Watson ndiye aliyekibuni, akaongoza pamoja na Franc Roddam, yuleyule aliyekuja kubuni kile kipindi cha mapishi cha MasterChef. Walihamia na kamera kwa familia ya Wilkins, baba dereva wa basi, mama ana duka la mboga, na wanaishi juu ya duka wamebanana watoto, mkwe mtarajiwa, mjukuu. Ugomvi wa choo, ugomvi wa kodi, binti anaishi na mchumba bila ndoa, mama anasema mbele ya nchi nzima kwamba mtoto wa mwisho si wa mumewe.

Nchi ikachafuka. Bibi mmoja mkali wa maadili, Mary Whitehouse, akataka kipindi kifungiwe. Wengine wakaandika magazetini kwamba hawa watu wanaongea vibaya, nyumba chafu, wanatuaibisha.

Ila cha kuangalia ni hiki. Vipindi vilianza kuruka hewani na huku bado wanarekodi. Kwa hiyo ile familia ilikuwa inajitazama kwenye TV, inasoma inavyotukanwa, halafu kesho kamera inarudi jikoni inawarekodi wakizungumzia matusi. Harusi ya binti ilipofika nje ya kanisa watu wamejaa, waandishi wamejaa. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwepo kwenye ule umati. Nilimuuliza bibi harusi alikuwaje, akasema hakumuona, aliona migongo ya wapiga picha.

Hapo nani anamwangalia nani?

#12 Mbishi wa Sinza
Hapana bwana Reading, unachanganya. *The Family* ni ya Channel 4, 2008, familia ya Canterbury. Niliiangalia kwa macho yangu, kamera zimebandikwa ukutani.

#13 Mtu wa Reading
@Mbishi zote zipo. Hiyo ya 2008 ilichukua jina la ile ya mwanzo, familia ya Hughes. Wakaendelea, 2010 ikawa ya Wanaijeria wa London, kina Adesina. Tofauti ni kwamba ya 1974 kamera ilishikwa na mtu mwenye miguu, lazima akanyagwe jikoni. Ya 2008 watu wa filamu walikaa pembeni wanatazama skrini. Waingereza mtindo wote huo wanauita nzi ukutani.

#14 Mama Pili wa Mbagala
Nzi wa wapi huyo anayetulia ukutani? Wetu anatua kwenye wali.

#15 Kobe wa Changuu
Kwetu anayekaa ukutani ni mjusi kafiri. Na yeye akiona sana, hulia "tsk tsk tsk" usiku kucha. Naona jina linawafaa zaidi.

#16 Siti ya Mbele
Nimebadilisha jina la fani rasmi: filamu za mjusi.

#17 Fundi Sauti
Nimefanya sauti kwenye kazi za namna hii miaka kumi na kitu, Dar na mikoani. Niseme mawili ya kiufundi kwanza, ya moyoni baadaye nikipata nguvu.

La kwanza. Watu mnaona kutokuwa na msimulizi ni madoido. Siyo. Mpaka karibu na 1960 huwezi kutembea na kamera na sauti pamoja nyumbani kwa mtu. Kamera ilikuwa nzito au inapiga kelele, na kinasa sauti kinataka gari. Kwa hiyo maskini kwenye filamu alikuwa anachezesha mdomo tu, sauti inaingizwa studio, mtu mwenye koo la serikali anakuambia "hapa mfanyakazi anakwenda kazini kwa furaha." Zilipokuja kamera za milimita 16 zisizonguruma na kinasa sauti cha Nagra cha kuning'iniza begani, ndipo mama wa nyumba akasikika akigombana na mumewe kwa maneno yake. Kumnyamazisha msimulizi ilikuwa ni kumpa nafasi huyo mama. Na mkanda mmoja ulikuwa unakata dakika kumi na moja hivi, kwa hiyo mpiga kamera anachagua kila sekunde ipi iungue. Leo kadi inarekodi siku nzima, mjusi hachoki.

La pili, Mleta mada ile pumzi uliyoisikia. Kwa masikio yangu ile ni maiki iliyobanwa kifuani au karibu sana. Maana yake Kabwita alijua kila mara kwamba anasikilizwa. Hakuna kujificha pale. Na umesema hakuna msimulizi, kweli, lakini selo lile (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) linalolia chini wakati anasukuma, lile halikuwepo barabarani. Mmarekani Frederick Wiseman, ambaye ndiye baba wa kimya kwenye hizi kazi, hakuwa akiweka muziki wa kubandika.

#18 Kobe wa Changuu
@Fundi Sauti kumbe lile selo ndilo lililonitoa machozi! Nimetapeliwa.

#19 Mbishi wa Sinza
Mimi swali langu ni jingine. Kwa nini kila siku ni walalahoi? Mbona hawaendi Masaki, Oysterbay, Karen, wakakae na familia ya tajiri miezi sita?

#20 Jicho la Pili
Walishaenda. Kabla ya Wilkins wa Reading kulikuwa na kina Loud wa Santa Barbara, California. *An American Family*, PBS (televisheni ya umma ya Marekani), 1973, vipindi 12 vilivyochujwa kutoka saa kama 300. Nyumba ina bwawa la kuogelea. Mama alimwambia baba aondoke, kamera ipo. Watson alipotafuta familia ya kawaida ya Kiingereza alikuwa tayari ana mfano huo.

#21 Mbishi wa Sinza
Hao ni wamoja. Wavujajasho ni wangapi?

#22 Mzaramo Halisi
Nadharia yangu: mlango. Uswahilini mlango uko wazi, pazia tu. Anaingia mwenye deni, anaingia mtoto wa jirani kuomba chumvi, anaingia na mpiga kamera. Masaki utaanza na mlinzi, mbwa, halafu wakili.

#23 Mama Pili wa Mbagala
Si mlango. Ni kwamba hatujui kusema hapana kwa mtu aliyevaa kitambulisho shingoni. Tulidhani wanaandikisha kitu.

#24 Fundi Sauti
Mmesahau kazi yenyewe. Kazi ya mikono inaonekana. Shoka linaingia kwenye mti, unga unachujwa, gunia linashonwa. Ina mwanzo na mwisho. Tajiri anafanya kazi kwa simu, utamrekodi anasema "sawa, tutaongea" siku mia.

#25 Mbishi wa Sinza
Na wafadhili je? Anayetoa hela yuko Ulaya na anataka kulia. Tuseme ukweli.

#26 Wa Kolwezi
@Mbishi anayetoa hela analia, ndiyo. Lakini mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Lydie anapomwandalia bwana yake panya wa kuchoma, ukumbi mwenye wazungu wote kimya kama msibani. Mimi mate yananitoka. Ni filamu moja tu lakini tulikuwa tunaangalia mbili.

#27 Siti ya Mbele
Panya buku huyo, watu wa Mtwara mnaelewa. Karanga zangu zimeonekana hazina maana.

#28 Mwalimu Asiyelipwa
Niwarudishe kwenye jembe. Kuna kesi maarufu Chicago. *Hoop Dreams*, 1994, Steve James na wenzake waliwafuata vijana wawili wa mpira wa kikapu, William Gates na Arthur Agee, kwa takriban miaka mitano, saa kama 250 za mkanda, na mwanzoni walitaka filamu ya nusu saa tu. Baba anaondoka, mama anabaki peke yake, umeme ukakatwa nyumbani kwa kina Agee. Giza lile limo kwenye filamu. Watengenezaji walikuja kusema wazi kwamba walisaidia kuurudisha. Na filamu ilipopata hela, familia zikapewa mgao.

Kwa hiyo walirekodi giza kwanza, kisha wakalipa bili. Mnaonaje? Hilo ni jembe au siyo?

#29 Mbishi wa Sinza
Ni jembe lililochelewa. Umemwacha mtu gizani mpaka upate picha yako nzuri.

#30 Mzaramo Halisi
Angelipa kabla, wewe usingejua kwamba Marekani kuna giza.

#31 Mbishi wa Sinza
Nilikuwa najua.

#32 Jicho la Pili
Hukuwa unajua, ulikuwa unatafuta viza.

Nami niongeze upande ambao haujaguswa. Kuna mahali kamera yenyewe ndiyo jembe. Barbara Kopple aliishi na wachimba makaa ya mawe (tumerudi kwenye makaa!) waliogoma Harlan, Kentucky, mgomo wa 1973. *Harlan County, USA*, ikachukua Oscar. Wake wa wachimbaji ndio waliokuwa wanaziba barabara alfajiri. Wenye bunduki wakaja, risasi zikapigwa gizani, yeye na mpiga kamera wake wakapigwa pia. Wagomaji walimtaka awepo hata siku ambazo mkanda umeisha, kwa sababu mbele ya kamera watu huogopa kuua. Pamoja na hayo kijana mmoja mgomaji aliuawa.

#33 Fundi Sauti
Kusimama na kamera isiyo na mkanda. Nimefanya hivyo mara moja mwenyewe kwenye bomoabomoa. Taa nyekundu inawaka, ndani hakuna kitu.

#34 Msichana wa Kilifi
Hamjambo ndugu zangu wa bara. Mnataja Kentucky na Canterbury na hapa pwani ya Kenya tunazo.

*The Letter* ya Maia Lekow na Chris King, mume na mke, ilitoka 2019 na ndiyo Kenya iliyopeleka kugombea Oscar. Kijana Karisa anasikia mjini Mombasa kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, anarudi nyumbani kuangalia. Wanaomtuhumu ni wa familia. Nyanya mwenyewe amepita miaka tisini na anashika jembe kila asubuhi, jembe la kweli si la methali yenu. Huku kwetu mvi zinaua watu, na mara nyingi nyuma ya uchawi kuna shamba. Hao wawili hawakuja kwa wiki tatu, walikaa na ile familia miaka. Sidhani ungeweza kuketi kwenye kikao kile cha ukoo kama wewe ni mgeni wa siku mbili.

Ya pili ni Kisilu Musya, mkulima wa Kitui. *Thank You for the Rain*, 2017. Mnorwe Julia Dahr alikuja kumrekodi, mkulima naye akashika kamera akaanza kujirekodi mwenyewe, mke, watoto, paa linapong'olewa na upepo. Miaka mitano. Hapo mgeni hakupewa jembe, mwenyeji ndiye aliyepewa kamera.

#35 Mbishi wa Sinza
Huo ndio muwafaka! Tufunge uzi.

#36 Msichana wa Kilifi
Usifunge haraka. Ukiangalia vizuri, mkewe Christina ndiye anayebaki na shamba wakati bwana anazunguka mikutano ya tabianchi hadi Paris 2015. Kamera iko mkononi mwa mwenyeji, sawa, lakini mwenyeji gani? Mimi ningependa kuona filamu ambayo mama ameishika.

#37 Mama Pili wa Mbagala
Kamera nimeishika na mkono gani, wa mwiko au wa mtoto?

#38 Lodwar Kavu
Kuna jambo la Turkana mmelipita. David na Judith MacDougall walikaa kwetu miaka ya 1970 wakafanya filamu tatu kuhusu boma la mzee Lorang. Najua si wavujajasho wa mjini, Lorang alikuwa na ng'ombe. Ila kabla ya hapo walikuwa Uganda kwa Wajie, wafugaji wa huko, 1968, na huko walikuwa mjusi kamili, kimya. Halafu MacDougall akaja kuandika mwaka 1975 kwamba huo ukimya una kasoro: mtengenezaji anajificha kama hayupo, anawataka wenzake wafunguke huku yeye amefungwa. Kwenye za Turkana unamsikia anauliza, watu wanamuuliza naye, wanamtania. Kwenye ile ya wake, *A Wife Among Wives*, kamera ilipita hata mikononi mwa wanawake wenyewe.

Kwa hiyo Mama Pili, jogoo wako angebaki kwenye filamu ya Turkana. Wageni wameingia, mwenyeji amechinja, hiyo ndiyo habari.

#39 Mama Pili wa Mbagala
Asante baba. Huyo ndiyo mtu wa kwanza kumtetea jogoo.

#40 Mzaramo Halisi
Mimi sikubali. Ukimweka jogoo, mtazamaji atadhani Mbagala tunakula jogoo kila siku. Wale wanafunzi walikosea kuomba, lakini walichokuwa wanakitafuta kilikuwa kweli. Dagaa ni kweli ya siku 300, jogoo ni kweli ya siku moja.

#41 Lodwar Kavu
Basi wangekaa siku 300.

#42 Mtoto wa Kisarawe
Nimekuwa nasoma kimya tangu #1, sasa naona hakuna anayejua baiskeli.

Baba yangu alisukuma mkaa kutoka porini Kisarawe kuleta Gongo la Mboto mpaka nilipomaliza darasa la saba. Anatoka saa nane usiku. Magunia mawili ubavuni, moja juu, lumbesa. Usukani unafungiwa mti mrefu kama mpini, mkono wa kushoto unaongoza kwa huo mti, mkono wa kulia na bega viko kwenye mzigo. Baiskeli haina breki za maana, anavaa ndala iliyokatwa anaikanyagia kwenye tairi la nyuma akishuka mteremko.

Siku moja mwalimu wetu wa sayansi alimkuta kwenye kilima, akaona vibaya kupita bila kusaidia. Akashika nyuma akasukuma kwa nguvu zake zote. Mzigo ukalala upande wa kushoto, baba akawa chini yake, mkaa wote ukamwagika barabarani. Ukishavunjika huo ni chenga, unauza kwa kopo. Kile kidole cha kati cha baba hakikukunja tena.

Hatukumlaumu mwalimu, aliomba msamaha mpaka na mkewe akaja. Lakini baba tangu siku ile mtu akimwambia nikusaidie alikuwa anajibu, "Nisaidie kwa kukaa mbali."

Sasa huyo Mfaransa, mimi simjui, lakini nilipomuona yuko upande na hagusi, nilishukuru Mungu.

#43 Kobe wa Changuu
@Mtoto wa Kisarawe pole sana kwa mzee. Sijui nijibu nini. Nilikuwa nimeshaandika aya nne za kumjibu Mzaramo, nimefuta.

#44 Mbishi wa Sinza
Lakini watoto wa Kolwezi si wanasukuma nyuma? Wa Kolwezi kasema #4.

#45 Wa Kolwezi
Wanasukuma, ndiyo. Wanajua. Ni kazi yao toka wadogo. Mwalimu wa sayansi hakujua. Ndugu wa Kisarawe anasema kweli na mimi nasema kweli.

#46 Mwalimu Asiyelipwa
Kama mwalimu wa sayansi, naomba jukwaa lisijumlishe.

#47 Jicho la Pili
😂 Kuna nyingine ya Kichina, *Last Train Home* ya Lixin Fan, 2009. Mume na mke wameacha watoto kijijini Sichuan, wanashona nguo kiwandani Guangdong, wanarudi mara moja kwa mwaka, Mwaka Mpya. Stesheni ile na ule umati, acha. Binti yao amelelewa na bibi, anawaona wazazi kama wageni. Wanagombana ndani, baba anampiga, naye binti anaigeukia kamera moja kwa moja anasema ninyi si mlitaka kunirekodi nilivyo, haya, hivi ndivyo nilivyo.

Miaka yote hiyo alikuwa anajua mjusi yupo ukutani.

#48 Msichana wa Kilifi
Hiyo nilishindwa kuimaliza. Mamangu alifanya kazi Saudia miaka sita. Akirudi tulikuwa tunamwamkia kama mgeni, nguo mpya, mikono nyuma.

#49 Siti ya Mbele
Pole dada. Uzi umegeuka.

#50 Fundi Sauti
Basi na mimi niseme lile la moyoni.

Tulikuwa tunarekodi familia ya mama anayekaanga mihogo, sitasema mtaa. Nilimbana maiki ndogo kwenye kanga, kitufe chake kiko kiunoni. Siku ya kwanza anakigusa kila dakika. Siku ya tano kasahau. Siku ya nane mchana dairekta kaenda kula, kamera imezimwa, mimi nimebaki kivulini na hedifoni shingoni. Nikasikia sauti yake. Nikazivaa, ni mazoea ya kazi.

Alikuwa nyuma ya choo na jirani yake. Ana mkopo wa kausha damu, kachukua kwa siri, mume hajui, na wanaomdai wamemwambia Ijumaa wanabeba friji. Analia bila sauti, yaani nasikia pumzi inakatika na kile kipini cha kanga kinakwaruza maiki. Kisha akacheka, jirani alimwambia friji lenyewe bovu.

Kinasa kilikuwa kinazunguka. Sikukizima. Dakika sita na kitu.

Dairekta aliporudi sikumwambia. Ijumaa walikuja kweli, kamera ikarekodi friji linatoka, mama amekaa kwenye kigoda anageuza mihogo kama haoni. Dairekta alifurahi, alisema ni ajabu alivyotulia, ana moyo wa chuma. Mimi pekee ndiye niliyejua alikuwa ameshalia Jumatano.

#51 Kobe wa Changuu
Ungemwambia mapema, mngechanga lile deni.

#52 Fundi Sauti
Ningemwambia, dairekta angeomba ile sauti. Na mume angeisikia kwenye filamu.

#53 Mbishi wa Sinza
Kadi uliifuta?

#54 Fundi Sauti
Ninayo.

#55 Mama Pili wa Mbagala
Samahani baba, huyo mama wa mihogo alilipwa?

#56 Fundi Sauti
Siku ya mwisho alipewa elfu hamsini na fulana yenye jina la filamu. Nilipita mwaka jana kununua mihogo. Anaivaa akikaanga.

#57 Siti ya Mbele
Na friji?

#58 Fundi Sauti
Sikuuliza. Aliniongezea kachumbari bila kuomba.